Majina Aliyoyafuta Zimakwanza

Mume wangu watu humwita Zimakwanza, na jina hilo amelitolea jasho. Ni fundi wa friji. Ujanani mwenzake alipigwa na umeme mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo hagusi kitu kinachowaka. Feni ya darini anaizima kabla hajafagia chini yake. Pasi anaizima, anaichomoa, ndipo anauliza ni nani aliyeiacha. Nikimcheka ananiambia, "Cheka tu, mama watoto. Wajane wengi nao walikuwa wanacheka." Ndiye mwanamume niliyepewa, jamani.

Basi huyo ndiye aliyetuundia seva ya nyumbani, kompyuta ya kuhifadhia mambo yetu, kisanduku cheusi chenye diski, kinachovuma chini ya kabati la vyombo mchana kutwa. Humo ameweka kontena. Si yale mabati ya bandarini, msinicheke, hata mimi nilidhani hivyo. Ni programu iliyofungashwa peke yake na vikorokoro vyake vyote, ukiiwasha inafanya kazi, ukiizima inatulia. Ya filamu ilikuwemo. Ya kutuambia kama nje kuna mvua ilikuwemo, utadhani nyumba haina madirisha. Kila alichokisikia kwa mafundi wenzake alikijaribu, akakitelekeza humo humo. Kwangu iliyokuwa na maana ni moja tu, ya picha.

Picha zenyewe ni za mama mkwe, boksi zima, tuliziskani moja moja. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza miwani, kisha njia ya kwenda kwa jirani. "Tuwahi kabla hazijampotea sura za watu," mume wangu aliniambia jikoni, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Kila jioni wakawa wanakaa kwenye kochi, yeye anamwonyesha uso, mama anataja: huyu shangazi yako, huyu binamu aliyeoa mara tatu na bado hakukoma, huyu alikuwa akila arusini kama aliyeambiwa kesho dunia inafungwa. Zimakwanza anaandika jina chini ya kila uso. Walicheka hadi kulia. Niliwaonea wivu, sifichi.

Jumamosi moja asubuhi diski ikajaa. "Leo nafagia kontena zisizotumika," akatangaza.

"Ya mama usiiguse."

"Mimi si mtoto, mke wangu."

Na kweli, uzembe hana. Alitoa kwanza nakala ya picha zote kwenye diski ya pembeni. Kisha, yeye ni yeye, akazima kontena zote, moja baada ya nyingine, ili asije akafagia kitu kinachowaka. Ndipo akaiamuru mashine ifute kila kisichotumika, pamoja na akiba yake, yaani yote kilichojiwekea ndani. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo.

Loo! Mashine ina kasi, busara haina. Kwake, kilichozimwa ndicho kisichotumika, na mume wangu alikuwa amezima vyote. Picha zilisalimika, hata moja haikupotea. Majina yalikuwa kwenye akiba ya ile programu, na nakala ya majina hakuwa ameitoa.

Nilimkuta sakafuni mbele ya kabati. "Majina ya mama," akasema. "Yote." Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na wanaonijua wanajua makali yake. Nilimtazama usoni nikayameza. Mazoea yana taabu, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aende akamweleze mama mwenyewe.

Mama alikuwa barazani anakunja nguo. Mume wangu akachuchumaa mbele yake, kompyuta mapajani. "Mama, yale majina tuliyoandika, nimeyafuta. Nisamehe."

"Majina gani, baba?"

Miezi yote ile ya kucheka kwenye kochi, hakuwa nayo tena.

"Ya kwenye picha, mama."

"Kumbe kuna picha? Hebu lete tuone."

Akamfungulia ya kwanza: yeye mwenyewe mama, msichana bado, amembeba mwanawe kiunoni. Mama akainamia kioo, akatazama weee.

"Huyu binti simjui," akasema. "Ila mtoto wake anampenda, ona anavyomshika."

"Na mtoto, unamjua?" Mume wangu akamwonyesha kwa kidole.

"Wewe nawe! Si wewe huyo? Mwanangu nitamsahau vipi?"

Zimakwanza aliandika jina la mama yake chini ya yule binti, herufi moja moja, machozi yakimdondokea mikononi, kisha akamgeuzia kompyuta asome. Mama akalisoma kwa sauti, taratibu.

"Jina zuri," akasema.