Ng'ombe Aliyefungwa Kando ya Tana

Shemeji yangu Hirsi, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuzaliwa kushika jembe. Alizaliwa nyuma ya ng'ombe, huko upande wa Bura, na mpaka ndevu zake zinaingia mvi alikuwa hajui mbegu ya hindi inaingia udongoni kichwa juu au kichwa chini.

Ukame wa juzi ndio uliomleta mtoni. Sitausimulia wote, walioupitia wanaujua. Ng'ombe walilala jioni, asubuhi hawaamki. Hirsi na mkewe Arbia walikuwa wanawainua, mmoja kwenye pembe, mwingine kwenye mkia, mpaka hakubaki wa kuinua isipokuwa mmoja tu. Akaja naye hapa kwangu, chini ya mji wa Garissa, akaketi mlangoni.

"Dumaashi," akasema, maana ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita shemeji, "nimekuja na Adey. Wengine Mwenyezi Mungu amewachukua."

Adey ni jina la ng'ombe. Maana yake mweupe, ingawa siku ile alikuwa rangi ya vumbi.

Nikawapa kipande cha shamba la marehemu, kile cha chini kabisa, ambacho Tana ikijaa hukifunika na ikishuka hukiacha kimejaa matope laini. Mwanzo Hirsi aliona haya. Vijana wa ukoo wakipita kunywesha ngamia, yeye huficha jembe kwenye migomba. Nikataka kumtia moyo, nikamweleza niliyofundishwa darasa la sita, maana ndiko nilikofika. Watu wa Misri ya kale, nikamwambia, mvua kwao haikuwepo. Waliishi kwa mto. Ulifurika kila mwaka, ukawaachia udongo mweusi, wakapanda humo humo kwenye matope. Maji ya kunywa ni mto, tofali la nyumba ni tope la mto, nafaka inasafirishwa na mto.

"Dumaashi, hao walikuwa na Firauni wa kuwapangia kazi," akanijibu. "Sisi tuna chifu, na chifu mwenyewe mikono yake laini kama ya bibi harusi."

Lakini alilima. Jirani yetu Bishar, ambaye amezaliwa mtoni na baba yake pia, alimwonyesha kupanda kwa kufuata maji yanaposhuka. Mahindi yakatoka, kunde zikatoka. Tukala. Mabua alikula Adey, akanenepa mpaka jina lake likamrudia, na fahali wa Bishar akampa mimba. Kuanzia hapo Hirsi alibadilika. Hakuficha jembe tena, kwa sababu sasa alilima kwa ajili ya ng'ombe. "Akizaa jike," alikuwa anamwambia Arbia, "nyumba yetu imeanza tena." Shamba kwake lilikuwa mahali pa kungojea ndama huyo.

Shida ni kwamba Adey hakujua mpaka wa shamba. Aliingia kwenye kunde za watu. Wenye mashamba wakakaa kikao, wakasema mnyama yeyote wa huku chini afungwe kamba. Sisi wafugaji ng'ombe mzima hatumfungi. Analala ndani ya boma la miiba, na asubuhi anatoka kwa miguu yake. Hirsi aliona uchungu, lakini alikuwa mgeni wa mto, akanunua kamba. Kwa vile Adey hakuizoea, akamfunga fundo juu ya fundo kwenye mgunga ulio ukingoni, karibu na mabua. Hakutaka kumpandisha mteremko kila jioni na tumbo lile.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, Bishar akaja mbio kidogo.

"Hirsi, mpandishe ng'ombe juu. Redio imesema watu wa mtoni wahame."

"Redio ya nani? Tazama juu. Hata wingu la kumfunika mbuzi hakuna."

"Haya maji si ya mawingu yako. Imenyesha huko milimani kwa watu wengine."

"Bishar, mimi nanusa mvua tangu sijaota ndevu. Wewe pua yako imezoea kambare."

Bishar akacheka. "Haya, mwenye pua. Kukilowa usiniite."

Mimi nilikuwa hapo, nachambua kunde. Nilimwambia, "Mdogo wangu, msikilize," naye akasema angempandisha kesho, ng'ombe amechoka, ameshalala. Mbingu ilikuwa safi kweli. Huyu mtu maisha yake yote maji yalimjia kutoka juu. Kwamba yanaweza kuja kutoka upande, na jua linawaka, hilo alilisikia lakini halikumwingia.

Tulikuwa tunatawadha kwa ajili ya alfajiri tuliposikia Adey analia. Mahindi yalikuwa yameshazama, vichwa tu vinaonekana. Hirsi akashuka na kanzu yake, akaingia maji ya kifua, akafika kwenye mgunga. Ng'ombe akiwa huru anaogelea, hata sisi tunajua, tumewavusha mara nyingi. Lakini fundo lilikuwa limelowa na kukaza kama jiwe. Alilivuta kwa vidole, kisha kwa meno. Kisu kiliachwa nyumbani. Arbia alipokikimbilia na kurudi, Bishar alikuwa ameshamfikia Hirsi kwa mtumbwi, amemkamata kanzu, anamvuta, naye anapiga kelele, "Niache! Niache naye!"

Bishar hakumwacha. Adey tulimwona mpaka pembe, kisha hatukumwona.

Maji yaliposhuka alikuwa palepale, amefura. Bishar akashauri wamsukume aende na mkondo.

"Hapana," Hirsi akasema. "Wenzetu wa Masalani, huko mto unakoteremkia, wanakunywa maji haya."

Akachimba shimo juu ya mteremko, wakamburuta, wakamfukia. Arbia akaniuliza kwa sauti ndogo kama ndama angekuwa jike. Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye.

Hirsi akanawa mikono. Akalitazama shamba, matope mapya yamelifunika lote, yanang'aa.

"Dumaashi, hapa sasa panafaa kupandwa?"

"Panafaa," nikasema. "Panafaa kuliko mwaka jana."

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa ameupa mto mgongo. Arbia akakunja nguo yake, akaingia matopeni na mbegu, nami nikamfuata, kwa sababu tope likikauka halingoji mtu.