Akina Elikana Wanne

Elikana, mtoto wa marehemu Oswald, anauza dagaa soko la Mwanga, kwenye meza aliyoachiwa na mama yake. Ni kazi halali, na ukoo wake haukuwahi kuionea haya. Aliyeionea haya ni yeye.

Ndiyo maana kwenye Instagramu yake humuoni dagaa hata mmoja. Huko yupo Elikana aliyeegemea boti ya injini ufukweni Kibirizi, miwani myeusi usoni, mkono kiunoni kama mwenye mali. Boti ni ya Kasongo, mtu mpole asiyejua kumkatalia mtu picha. Facebook, walikojaa wazee wa kanisa, anaitwa Mtumishi, na kila alfajiri anabandika mstari wa Biblia ambao hajausoma mpaka mwisho. TikTok anacheza kifua wazi, wasichana wa Bujumbura asiowajua wanamcheka, naye kuchekwa huko anakuita umaarufu. Halafu WhatsApp, kwenye kundi la ukoo, yupo maskini wa Mungu. Ukiitishwa mchango wa msiba, dagaa wake wamelowana. Ukiitishwa wa harusi, mgongo unamuuma.

"Kwani huwezi kukaa sehemu moja?" Winfrida, muuza nyanya wa meza ya pili, alimuuliza. "Mimi nina WhatsApp tu na nalala usingizi."

"Dada Winfrida, kila mtandao una watu wake."

"Na wewe una nani?"

Elikana alicheka. Asingeweza kumwambia kwamba huku alipewa heshima, kule wivu, kule kicheko, kule huruma, na kwamba siku akikosa kimojawapo alijiona kama mtu aliyelala njaa.

Kisha akampenda Esther, mwalimu wa Kidahwe, na alimpenda kweli, maana hata mtu wa ovyo hupenda. Akamwomba baba yake mkubwa, Mzee Eliakimu, ampelekee posa. Mzee akaenda na Shangazi Marcelina, Elikana nyuma yao kwenye suti ya kuazima.

Eliakimu ni mtu wa ukweli. Baada ya salamu alisema, "Mzee Jeremia, hatuwafichi. Kijana wetu hali yake ni duni. Dagaa wanamlowania kila mara, na mgongo nao ni mbovu. Tupokeeni hivyo hivyo."

Baba yake Esther akachomoa simu mfukoni. "Mgongo upi, mzee mwenzangu? Jana huyu Diana wangu mdogo kanionyesha kijana wenu anavyocheza TikTok. Anashuka mpaka anagusa chini."

Diana akaficha kicheko kwenye kanga. Jeremia akampa Marcelina simu. "Na boti hii je?"

Shangazi alivaa miwani yake, akatazama bila haraka. "Ya Kasongo. Hilo jina ubavuni mwa boti, Mwanaima, ni la mkewe."

Elikana aliinamia viatu vyake. Ukoo uliokaribishwa kwa heshima kila mlango sasa ulikuwa unachekwa na binti mdogo, nao ulikuja kumwombea yeye.

"Maskini simkatai," Jeremia alisema. "Mimi mwenyewe nimelima mihogo ya watu. Ila mmeniletea vijana wengi, na binti wa kuposwa ni mmoja. Afute hayo yote, abaki anayeuza dagaa. Huyo akija Jumapili, tutaongea."

"Nitakungoja," Esther akamwambia walipokuwa wakiagana.

"Nitafuta," Elikana akajibu, na alipokuwa akisema aliamini.

Sokoni akaishika simu. Akafungua Facebook, akakuta mzee wa kanisa anamwomba amwombee mgonjwa. Nani mwingine angemwomba Elikana maombi? Akaiacha. TikTok kulikuwa na mioyo mipya kutoka Bujumbura. Instagramu mtu alimwita bosi. Siku zikapita, kidole kikizunguka juu ya kioo kama inzi juu ya dagaa. Jumamosi alipata ujasiri, akafuta mtandao mmoja: akajitoa kwenye kundi la ukoo. Kati ya wote wale, akawaacha watu pekee ambao siku akifa wangembeba.

Jumapili asubuhi Esther alitazama, akaikuta boti ya Kasongo bado ipo, na sifa zimeongezeka. Akamwambia baba yake wageni wasipikiwe.

Jumatatu Elikana alikuwa TikTok, kifua wazi, analia juu ya wimbo wa huzuni, akieleza kwamba wanawake hawana shukrani. Wasichana wa Bujumbura wakamcheka mpaka usiku. Akaona amefarijiwa.