Pepo la Shamba la Pamba

Miaka ile ambayo Ngara wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji, niliondoka kwetu Mugoma kwa sababu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri, zaidi ya kwamba nilitaka kujua barabara inakwenda wapi. Shule niliiacha darasa la tano. Nilifyatua matofali Ntobeye, nikapakua malori ya chakula cha kambini, nikachunga ng'ombe wa mtu hadi tukagombana. Mwishowe nikafika Runazi, upande wa Biharamulo, nikasikia kuna mzee analima pamba na anataka vibarua.

Vibarua wake karibu wote walikuwa Warundi waliotoroka kambini. Walilala kwenye vibanda vya nyasi pembeni ya shamba. Kutoka kambini bila kibali lilikuwa kosa, kwa hiyo mgambo walipita mara kwa mara kuuliza, "Hawa ni wa nani?" Mwenye shamba akijibu kwamba ni watu wake, mgambo waliendelea na safari. Asipojibu, mtu aliwekwa ndani, kisha akarudishwa kambini. Ndiyo maana hakuna aliyebishana na mwenye shamba.

Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, alikula nasi ugali wa muhogo kutoka sufuria moja, na mtu akiugua alitoa baiskeli yake apelekwe zahanati. Ila mabomba ya kupulizia dawa aliyachukulia kama majembe: yanachakaa, na kazi inaendelea. Yalikuwa yanavuja kwenye vifuniko na kwenye mipira. Tuliyafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukayavaa mgongoni, tukaingia kwenye pamba kuua funza.

Bomba baya kuliko yote alipewa Mrundi aliyefika mwisho. Kwao alikuwa seremala. Alikuwa na mke na mtoto mchanga kibandani. Mimi nilizungumza naye kuliko wengine kwa sababu Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, na Kirundi chake vinasikilizana, na kwa sababu napenda kuuliza maswali. Aliniambia namna ya kuchagua mti wa mlango, namna ya kuvuka mto usiku na mtoto asilie. Aliniambia pia kwamba kambini hawezi kurudi, wapo watu kule wanaomtafuta kwa mambo ya kwao. Mambo gani, hakusema. Hilo peke yake sikumuuliza.

Ijumaa moja mchana alianguka katikati ya matuta. Tulimkuta jasho linamtiririka, udenda unamtoka, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Zahanati ilikuwa mbali, kanisa lilikuwa pale barabarani, na kina mama walikuwa kwenye maombi ya Ijumaa. Tukambeba hadi huko.

Mwinjilisti alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi wa kusaidia. Hakuuliza mengi, kwa kuwa wapulizaji wengine wa shamba lile walikuwa wameshaanguka hivyohivyo kabla yake, naye alikuwa ameshasema kuna pepo mle shambani. Akamwekea mikono kichwani, akaanza kulikemea. Kina mama wakaimba. Mgonjwa akawa anarudia neno moja kwa Kirundi.

"Anaomba maji," nikasema.

"Si yeye anayeomba," mwinjilisti akanijibu bila kufungua macho. "Ni hilo lililomo ndani yake. Mapepo ndiyo yanayopenda maji."

Jioni Mrundi alikaa, akatapika, akamtambua mke wake. Watu wakapiga vigelegele. Mwenye shamba, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akamvuta mwinjilisti pembeni.

"Likishatolewa, linaweza kurudi?"

"Mtu asipodumu kwenye maombi, linarudi na wenzake."

Mwenye shamba alitafakari neno hilo usiku kucha, inaonekana, maana asubuhi alimwambia Mrundi kwamba Jumapili ikipita asimwone. Hakumfokea. "Nina watu wengi hapa," alisema. "Sitaki liwaenee." Mke wa Mrundi akaanza kukunja mkeka, kisha akaukunjua tena, kwa kuwa hapakuwa na pa kuupeleka.

Nikaenda kwa mwinjilisti. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mkewe.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba. Umekuja kuokoka?"

"Nimekuja kuuliza. Hili pepo, mbona linawapenda wenye mabomba tu? Wapalizi haliwagusi. Mpishi halimgusi."

"Wewe umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La tano."

"Nilijua."

Mkewe akacheka. "Mjibu mtoto wa watu, baba. Hata mimi nataka kusikia."

"Pepo halichagui mtu," mwinjilisti alisema.

"Hili linachagua."

Alipukuchua hindi zima hadi likabaki gunzi. Kisha akanawa mikono, akachukua Biblia, akasema anakwenda kulikuta hukohuko liliko.

Alifika shambani amevaa shati lake jeupe la ibada. Aliomba kwenye kila pembe ya shamba, sisi tumevua kofia. Alipomaliza, badala ya kuondoka, alimgeukia Mrundi, ambaye hadi Jumapili bado alikuwa kibarua kama sisi.

"Nipe bomba lako."

Mrundi alisita. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. "Mwinjilisti, hiyo mbovu. Inakojoa mgongoni."

Tulicheka, na mwinjilisti pia alicheka, akalivaa. Alipuliza tuta baada ya tuta, upepo ukimrudishia dawa usoni, naye akijifuta kwa mkono wa shati. Muda wa chakula ulipofika shati lilikuwa limegandamana mgongoni na linanuka kuliko ghala la dawa. Akala nasi, akarudi kwenye matuta.

Hakumaliza mchana. Tulimwona anakwenda kukaa kivulini, anajaribu kufungua Biblia na kurasa zinamshinda kwa kutetemeka. Macho yalikuwa yanachuruzika. Udenda ukaanza.

"Maji," alisema.

Mama mmoja mpalizi, mwimbaji wa kwaya yake mwenyewe, akasimama na kibuyu mkononi. "Tumpe jamani, au si yeye anayeomba?"

"Nipe maji, dada, acha mzaha!"

Maji ya kibuyu yalitosha kunywa tu. Maji mengi ya karibu yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye msikiti mdogo wa bati, ambako palikuwa na pipa na mahali pa kutawadhia. Tulimkokota huko. Ustadhi, ambaye pia alikuwa na kiduka pale jirani, alitoka mbio.

"Leo mwinjilisti anasilimu!" kibarua mmoja akasema.

"Atasilimu baadaye," ustadhi alisema. "Kwanza avue hilo shati."

Walimwosha mgongo, kifua, nywele, kwa birika na mche mzima wa sabuni kutoka dukani, huku mwinjilisti akitapika kwenye mfereji. Alipotulia, ustadhi alituangalia sisi wengine, nguo zetu zimelowa vilevile. "Na nyinyi mnarudi hivyo kwa wake zenu? Mnabeba watoto hivyo? Kila siku mkitoka shamba piteni hapa. Maji ni ya Mungu. Sabuni ndiyo yangu, lakini tutaelewana."

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi, kwa kuwa habari ilikuwa imeshafika kila nyumba. Mwinjilisti alisimama, macho bado mekundu. Mrundi na mkewe walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mzigo wao umefungwa tayari.

"Ijumaa nilisema ndugu huyu ana pepo," mwinjilisti alisema. "Nilikosea. Hana pepo. Jana nimelivaa mwenyewe, linakaa kwenye bomba." Watu walicheka, yeye akasubiri wamalize. Kisha akamgeukia mwenye shamba kwenye benchi la mbele. "Mzee, unamfukuza kwa neno langu. Neno hilo nimelifuta."

Mwenye shamba alisimama taratibu. "Mambo ya kazi hatuyaongei kanisani."

"Ijumaa tuliyaongea hapahapa," mama wa kwaya alisema.

"Basi asiyetaka bomba aache. Kambini wapo wengi."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Niliona Mrundi ameinamisha kichwa, mkono juu ya mzigo.

Baada ya ibada mwinjilisti hakwenda kula. Alimfuata ustadhi dukani, wakaenda wote wawili kwa mwenyekiti wa kijiji, mimi nyuma yao kwa udadisi tu. Walimwambia kwamba Warundi wa vibanda vile wanajulikana kanisani na msikitini, na mgambo wakiuliza ni wa nani, wawaulize wao wawili. Mwenyekiti alijikuna shingo. Alisema hajawahi kuwaona hao wawili wakidai kitu kimoja, na kwamba hataki kuwa yeye wa kuwatenganisha. Kwa namna yake, hilo lilikuwa jibu la ndiyo.

Jumatatu Mrundi hakuondoka, na hakuna aliyevaa bomba. Warundi hawakuvaa, wenyeji hawakuvaa, awe wa kanisani au wa msikitini. Tulipalilia tu. Mwenye shamba alizunguka matuta akifungua vitumba vya pamba na kukuta funza. Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Mgambo walipopita, yeye alitazama pembeni, na aliyejibu alikuwa ustadhi, kutoka mlango wa duka lake. Wakaendelea na safari.

Hapo ndipo mwenye shamba alipokuja kwenye vibanda. Alileta mipira mipya ya mabomba, pipa la maji akalisimamisha karibu na ghala, na akasema mtu achaguliwe wa kuyaangalia mabomba kabla hayajatoka. Tulimchagua Mrundi yuleyule. Mwenye shamba akakubali.

Mrundi alifunga mipira siku nzima kwa mikono ya kiseremala. Asubuhi alijaza maji matupu kwenye bomba la kwanza, akatazama nani wa kulivaa. Sijui kama alikusudia au mwenye shamba ndiye aliyekuwa karibu. Mzee aligeuza mgongo, akavishwa, akatembea tuta moja akipampu, akarudi. Mrundi alimpapasa shati nyuma.

"Imevuja kidogo, mzee. Weka pembeni, hii haitoki leo."

Mwenye shamba alilivua, akaliweka pembeni. Mke wa Mrundi alikuwa anaanika mkeka juu ya paa la kibanda. Sisi tukachukua majembe tukaenda kupalilia.