Ngoma Iliyositisha Mguu wa Seremala

Wagonjwa walimwita Rula, naye hakuwahi kuwakataza. Katika chumba cha mazoezi ya viungo yeye ndiye aliyepima kila kitu: urefu wa hatua, kimo cha kiti, hata umbali kati ya kitanda na ukuta. Alikuwa msaidizi mwenye cheti cha chuo cha ufundi, binti wa maneno machache, ambaye mpaka akuambie "pole" huwa amekwisha kukuwekea mto mgongoni.

Asubuhi hiyo alifungua madirisha mapema. Daktari mkuu alikuwa anakuja kuamua juu ya mgonjwa mmoja, seremala mzee. Kiharusi kilimwangusha mzee huyo katika karakana yake, kikamwachia mguu wa kulia mzito kama gogo bichi. Nafasi za mazoezi zilikuwa chache na waliozisubiri walikuwa wengi. Akiweza kutembea kutoka mlangoni hadi dirishani bila kushika vyuma vya pembeni, angeendelea. Akishindwa, nafasi yake angepewa mwingine, na mzee angepelekwa nyumbani na kiti cha magurudumu. Kiti chenyewe kilikwisha kuletwa na kukunjwa nyuma ya mlango.

"Kimeungwa ovyo," mzee alisema, akikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyealikwa. "Mimi siwezi kukalia kazi mbaya."

Katika chumba kile mguu uliosahau kutembea uliamshwa kwa mdundo. Mwanzoni Rula alimletea kidude kinachogonga tu, tik, tik, na mzee akakikataa katakata. "Binti, hiyo ni saa ya ukutani. Nitembee na saa?" Basi mkewe akaleta flashi yenye ngoma waliyoipenda ujanani. Rula akakata kipande chenye mdundo imara kuliko vyote, akakihifadhi kama faili jipya, akaliingiza katika programu aliyofundishwa chuoni, ile ambayo wanaoanza huitungia maagizo kwa kupachika vipande vya rangi kwenye kioo cha kompyuta, kimoja chini ya kingine. Kipande cha juu kilisema: kitufe kirefu kikibonyezwa. Kilichofuata: rudia daima. Na tumboni mwake: cheza sauti hadi iishe. Hayo tu.

"Kumbe na wewe ni seremala," mzee alimwambia siku hiyo.

Mguu uliamka kweli. Ila palikuwa na mahali pamoja, karibu na mzani wa kupimia uzito, ambapo kila mara ulisita hewani, mwili ukayumba na mkono ukarukia chuma. Rula aliamua kuwa ni goti. Akaliongezea mazoezi, akalifunga bandeji, na mzee akalinyanyua mpaka machozi yakamlengalenga. Goti likapata nguvu. Kusita hakukwisha.

Sasa daktari mkuu aliingia, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinikazie macho, daktari, nitaona haya."

Rula alibonyeza kitufe. Ngoma ikalia kwenye spika, mzee akaachia vyuma. Alitembea vizuri, kidevu juu, na mkewe, aliyekuja kushuhudia, akaanza kutabasamu. Alipofika penye mzani, mguu wa kulia ulinyanyuka ukabaki juu. Safari hii mkono haukukiwahi chuma. Rula alimdaka kwapani, wakaanguka pamoja kwenye godoro la pembeni, na mke wa mzee akapiga yowe.

Hakuumia. Daktari alimkagua polepole, kisha akasema maneno ambayo Rula aliyaogopa kuliko kelele. "Umejitahidi sana, mzee. Nina mgonjwa mmoja chumba cha pili. Nikirudi, tuzungumze kuhusu kile kiti."

Mlango ukafungwa.

"Twende zetu nyumbani, baba watoto," mama alisema huku akimfuta vumbi. "Usije ukajivunja."

"Nyumbani kuna ngazi, mama watoto. Hicho kiti chenu kitapanda ngazi?"

Rula alirudi kwenye kompyuta. Alibonyeza kitufe, akaenda mlangoni, akatembea mwenyewe, mikono mbali na vyuma, akiuachia mdundo umwongoze. Penye mzani mguu wake, mguu mzima usio na ugonjwa wowote, ulibaki hewani. Nusura aukumbatie mzani.

"He! Rula!" mzee akaangua kicheko pale godoroni. "Na wewe umeugua lini?"

Alirudia, macho yamefumbwa. Mguu ukasita tena.

"Si goti lako, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi."

Alifungua picha ya sauti kwenye kioo. Midundo ilisimama kama vilima, lakini mwanzoni na mwishoni palikuwa na uzi uliolala, mfupi mno: ukimya. Faili la aina ile, lilipohifadhiwa, lilikuwa limeongezewa ukimya huo pande zote mbili. Likichezwa mara moja, nani angegundua? Likirudiwa, ncha mbili zilikutana na mdundo ukachelewa. Masikio ya Rula yalikwisha kuuzoea. Mguu wa mzee ulikuwa umeutii.

Akakata. Akasikiliza. Alikuwa amekata hata kichwa cha mdundo wa kwanza.

"Usiharakishe, binti. Ubao ukishakatwa vibaya haurudi."

"Huu unarudi, mzee. Kuna kitufe cha kutendua."

"Kitufe hicho ningekipata mimi, ningekuwa tajiri!"

"Nyamazeni," mama alinong'ona mlangoni. "Anakuja."

Rula alibonyeza kitufe cha kutendua. Akaikuza picha, akakata uzi peke yake, mbele na nyuma. Akanakili kipande, akakibandika mkiani mwa chenzake, tena na tena, mpaka ngoma ikatosha chumba kizima bila kurudi mwanzo. Akaking'oa kipande cha "rudia daima". Daktari alikuwa amesimama nyuma yake.

"Daktari, naomba mara moja zaidi. Kosa lilikuwa kwenye muziki wangu, si kwenye mguu."

Daktari alimtazama yeye, akaitazama saa. "Mara moja."

Mzee akaachia vyuma. Rula alitembea ubavuni mwake, mikono tayari, pumzi kaibana. Kitanda. Kabati. Mzani. Mguu ukanyanyuka, mdundo ukaja, mguu ukatua. Karibu na dirisha goti lilitikisika kweli, kwa uchovu wake lenyewe. Mkono ukatoka kuelekea chuma, ukafikiri, ukarudi. Kiganja cha mzee kikagusa kioo cha dirisha.

"Nafasi yake ibaki," daktari alisema. "Na hicho kiti kiondolewe."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mzee hakugeuka.

"Zima, binti."

"Mzee?"

"Zima ngoma nirudi mlangoni. Kwenye ngazi zangu hakuna spika."

Rula alimtazama daktari. Daktari alikunja mikono kifuani, akaitikia kwa kichwa. Kidole kikabonyeza, chumba kikanyamaza kabisa. Mzee akageuka kwa taabu, akaanza kuivumisha ile ngoma meno yakiwa yameumana, hatua kwa hatua. Alipoukaribia mzani, Rula alinyoosha mikono.

"Usinishike," mzee alisema, akaendelea kuvumisha.