Picha ya Mbele ya Jeneza

Flavian wa Kizwite, pale Sumbawanga, aliuza pikipiki akanunua kamera, na hilo peke yake lilimpa mama yake maneno ya kusema tangu mavuno hadi Kwaresima. "Umeuza miguu ukanunua jicho," Mama Kristiana alimwambia. "Haya, tuone hilo jicho litakufikisha wapi."

Ilikuwa kamera ya mtumba, ile nyeusi kubwa yenye lenzi ya kubadilisha. Amin, mwenye duka la simu karibu na stendi, aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Amin alimwonyesha pa kuwashia na pa kuzimia, akamsihi aiache kwenye "Auto" na asiguse kitufe kingine chochote. Flavian akaitikia vizuri, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshavigusa vyote.

Wapo wanaoutaka udiwani, wapo wanaotaka kujenga ghorofa. Flavian alitaka harusi. Alijiona anatembea kinyumenyume mbele ya maharusi, kavaa shati jeupe, wazee kwa vijana wanasukumwa pembeni na mtu anasema, "Mpisheni mpiga picha apite." Kwa ajili ya sentensi hiyo tu alikuwa tayari kutembea kwa miguu maisha yake yote.

Alijifunza kwa kuangalia video kwenye simu na kwa kuwapiga kuku wa mama yake, kwa sababu kuku haulizi picha yake iko wapi. Baada ya muda akagundua siri iliyomlevya kuliko pombe ya ulezi: lenzi ukiifungua sana, kilicho mbele kinatokea safi mpaka unyoya unahesabika, na vyote vya nyuma vinayeyuka. Basi akayeyusha kila kitu. Aliyeyusha kanisa, akayeyusha vilima, akamyeyusha jirani aliyekuwa anapita na baiskeli. Kizwite nzima ikawa uji, na Flavian akajiona fundi.

Mteja wake wa kwanza hakuwa bwana harusi. Alikuwa Bibi Cornelia, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwao, mwenye ng'ombe wawili, kihenge cha ulezi, na mdomo ambao hata paroko alikuwa akiupitia mbali. Wiki hiyo alikuwa ametoka kumzika shoga yake. Kama ilivyo desturi, wajukuu walitangulia mbele ya jeneza, mmoja kabeba msalaba, mwingine kabeba picha ya marehemu ndani ya fremu. Lakini picha yenyewe watoto walikuwa wameikuza kutoka kwenye kitambulisho, na marehemu alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyekutwa na kuku wa wenyewe.

"Maskini mwenzangu," alisema Bibi Cornelia. "Mwanamke ameishi kwa heshima, amezikwa na sura ya mwizi. Mimi siwaachii wanangu kazi hiyo. Utanipiga yangu sasa hivi, nikiwa na akili zangu."

"Ya msiba, bibi?" Flavian aliuliza. "Wewe mbona mzima?"

"Ulitaka nikuite nikishakufa?"

Flavian akakubali. Haikuwa harusi, lakini mteja ni mteja.

Siku ya kupiga, upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unachuna masikio. Flavian alimkuta bibi kaketi kwenye kiti katikati ya uwanja, kavaa kitenge kipya na juu yake koti la marehemu mumewe. Nyuma yake alikuwa amepanga maisha yake yote: kihenge, ng'ombe wawili wamefungwa kambani, mlango mpya wa mbao, ndoo za plastiki kwa ukubwa wake, na jogoo aliyekuwa hataki kukaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Piga haraka, jogoo anachoka."

"Cheka kidogo, bibi."

"Nicheke nini? Watu wananililia, mimi nawachekea?"

Flavian akarudisha jicho kwenye kamera. Akafungua lenzi mpaka mwisho, akabana pumzi, akapiga. Alipoitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma nusura alie kwa furaha. Kila kunyanzi la uso wa bibi lilisomeka. Macho yalikuwa na mwanga. Alikwenda kuisafisha mjini kwa ukubwa wa gazeti, akairudisha ameibeba kwa mikono miwili.

Bibi Cornelia aliitazama. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine. Akaitazama tena.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wako hapo nyuma, bibi. Hiyo kahawia."

"Hiyo kahawia ni ng'ombe? Na kihenge?"

"Hiyo kahawia nyingine."

Bibi alianza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kifipa, na majirani walitoka nje wakisikiliza kwa heshima. Kwa ufupi alitaka kujua mali ya miaka yote hiyo imekwenda wapi, kwa nini amepigwa ndani ya ukungu kama mzimu wa ziwani, ndugu zake wa Ilemba watakaokuja kumzika watasema amekufa hana hata kuku, na zaidi ya yote, miguu yake iko wapi. Kwa maana Flavian, kwa kupenda sana uso, alikuwa ameishia magotini. Bibi alikuwa amenunua viatu kwa siku hiyo. "Nitafikaje mbinguni," aliuliza, "bila miguu?"

Flavian alirudi nyumbani kichwa chini. Mama Kristiana alikuwa anapepeta ulezi, akamsikiliza mpaka mwisho. "Picha ni ya nani," akamuuliza, "yako au ya bibi?" Akaendelea kupepeta.

Kesho yake Flavian alirudi kwa bibi. Akaifunga lenzi mpaka ilipokomea, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ua, na akapiga. Ikatokea picha ambayo angeona haya kuwaonyesha waliomfundisha kwenye video za simu. Kila kitu kilionekana, kila kitu sawasawa: kunyanzi, ng'ombe, kihenge, bawaba za mlango, ndoo, mkia wa jogoo akikimbia, na viatu viwili vimekaa sambamba. Bibi katikati kanyooka kama hakimu. Bibi akaipokea. Aliipangusa kwa upande wa kitenge, akaitundika sebuleni juu ya redio, na jioni ile akaanza kualika wageni.

Hapo ndipo jina la Flavian lilipopaa. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kunywa chai wakatoka wameamua. Mzee mmoja alitaka ya kwake akiwa na jembe la kukokotwa na mafahali. Bibi mwingine alitaka akiwa na cherehani na wajukuu wote, hata wa Tunduma, kwa hiyo wakasubiriwa. Akaitwa Ilemba. Akaitwa Mtowisa, huko bondeni kwenye joto, ambako alishuka na sweta lake la Sumbawanga akapanda na kamera imejaa wazee na mfuko umejaa mchele. Kila mahali ni yaleyale: miguu iwemo, mali ionekane, na mtu asicheke.

La ajabu ni kwamba hakuna aliyekufa. Bibi Cornelia ndio kwanza alinenepa, na msimu uliofuata akamwita tena akidai picha ya kwanza imemwonyesha mwembamba, watu msibani watafikiri aliugua. Flavian alimpiga upya. Viatu navyo vilikuwa vipya.

Lakini mji ni mji. Akawa akiingia kwenye ua na begi lake, mtu anauliza kwa sauti ndogo, "Nani hali mbaya?" Vijana wenzake walimpokea kwa "mambo, Marehemu," naye akajibu poa, ingawa haikuwa poa. Harusi ikapita, na nyingine, zote wakaitwa watu wengine. Tumaini lake likabaki kwa Calvin, mshikaji wake tangu darasa la kwanza, aliyekuwa anamwoa Debora.

Calvin alikubali mara moja. Mama yake Debora alikataa mara moja vilevile.

Flavian akaenda mwenyewe, kavaa lile shati jeupe. "Shikamoo, mama. Nimesikia una wasiwasi. Kamera ni chombo tu. Inachukua mwanga, haichukui mtu."

"Marahaba, mwanangu. Najua," alisema yule mama kwa upole. "Lakini ni binti yangu. Ukimlenga na hiyo, moyo wangu utasimama."

Aliondoka pale amejaa hasira. Njia nzima alikuwa anajisemea kuhusu ujinga wa watu, karne gani hii, watu wana simu mbili mbili na bado wanaogopa lenzi. Siku ya harusi alikaa nyumbani, akasikia matarumbeta yakipita barabarani, na roho ikamuuma sana.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuwa uani anafuta lenzi. Mama Kristiana akatoka ndani bado kavaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa amebeba kiti. Akakiweka kando ya ukuta, akaketi, akavuta upindo wa kitenge mpaka viatu vikaonekana.

"Na mimi nipige."

"Ya nini, mama?"

"Unajua ya nini. Umewapiga mama za watu mpaka Mtowisa, wa kwako umemruka."

Flavian akainua kamera kwa mazoea. Ndani ya kile kidirisha akamwona mama yake amenyooka, mikono magotini, uso umetulia, anatazama mbele kama mtu aliyekwisha kuaga. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilikataa kushuka. Aliogopa, na hakuna neno lingine la kulitaja jambo hilo. Akamkumbuka mama yake Debora, akaona hakuwa mjinga hata kidogo.

Akaishusha kamera. Kwenye kioo, alama ya betri ilikuwa imejaa.

"Betri imeisha, mama."

"Si umeitoa kwenye umeme asubuhi hii?"

"Imeisha."

Mama Kristiana alimtazama kijana wake. Kisha akasimama, akakifunga kitenge vizuri, akanyanyua kiti chake.

"Basi ichaji polepole, mwanangu," akasema. "Mimi sina haraka."