Sahani ya Peke Yake

Umeme ukikatika hapa Geita, jirani yangu huwasha pasi ya mkaa. Ile harufu ya shuka linalokaribia kuungua hunirudisha Ngokolo, mtaa niliokulia, na mwili huanza kuniwasha papo hapo. Msinicheke. Ukishapata minyoo utotoni, muwasho haukutoki kichwani.

Vilikuwa vijinyoo vyeupe, vyembamba kama uzi. Alianza pacha wangu Doto, nikafuata mimi, na Mama akakosa raha kabisa. Alitukata kucha hadi ncha za vidole zikauma. Kila asubuhi alifua mashuka, akayapiga pasi pande zote mbili, akasugua mlango wa choo, akatunusa mikono, kisha akaanza upya. Hata akikaa, mguu wake haukutulia. Muuguzi wa zahanati alimwambia ni jambo la kawaida, nyumba nzima imeze dawa siku moja, basi. Mama aliitikia vizuri tu, akarudi nyumbani kufua.

Tatizo lilikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini. Baba alikuwa kazini mgodini, na Mama angemtajiaje mama mkwe wake mdudu anayetokea huko nyuma? Kwa heshima ya kwetu, afadhali ameze jiwe. Kwa hiyo hakusema kitu. Alinunua tu sahani za plastiki, na mchana ule, badala ya sinia moja tuliyozoea kuzunguka wote, kila mtu akawekewa yake. Ya Bibi ilikuwa ya bluu, na pembeni yake kidonge.

Bibi aliitazama. Hakunawa. Macho yake, mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni, yalihama kutoka kwenye kidonge hadi kwa Mama.

"Mama Kulwa, nimekosa nini hapa kwako?"

"Hujakosa kitu, mama. Ni usafi tu."

"Usafi." Bibi alianza kuinuka. "Basi niitieni bodaboda inipeleke stendi."

Mimi nilijikuna, nikiamini Bibi anatukimbia sisi. Doto, ambaye Mungu hakumpa breki, ndiye aliyesema.

"Bibi, tuna minyoo ya matakoni! Mama ananawa mpaka anachubuka!"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Bibi akakaa chini polepole.

"Minyoo? Minyoo tu, mayu?" alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Akacheka mpaka akakohoa, akatafuna kidonge, kisha akaisogeza sahani yake mbele ya Mama. "Njoo tule." Mama, aliyekuwa akiiogopa hata mikono yake mwenyewe, alimega tonge. Akala.

Minyoo iliisha. Kwa miaka nikaamini Bibi alikasirishwa na plastiki, mpaka Baba aliponieleza nikiwa mtu mzima. Kijijini watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba macho yale ni ya mchawi. Wakaacha kumsalimia. Halafu, kwenye msiba wa jirani, wanawake wenzake wakala pamoja, yeye akapakuliwa kando, kwenye sahani yake. Hakuja kwetu kututembelea. Alikuwa amekimbia, na hakuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia.