Koti la Bluu la Tumbili Wangu

Tumbili wangu nilipewa na dereva wa lori kutoka Zaire, aliyekwama kwenye foleni ya forodha Malaba siku nne akashindwa kumlisha. Mimi nilikuwa fundi cherehani na sikuwa na mtoto. Basi mapenzi yote yakamwangukia huyo mnyama, watu wacheke watakavyo.

Mvua zilipoanza alikuwa akitetemeka, nikaamua kumshonea koti. Kitambaa nilikikata kwenye mtego wa mbung'o, wale nzi wanaofyonza damu, kando ya mto, ile mitego ya bluu na nyeusi iliyotundikwa na watu wa mifugo. Kila mtu alikuwa akikata. Nusu ya mapazia ya kijijini kwetu yalikuwa ya bluu ile. Najua, ni wizi. Lakini nilijiona mwerevu: nilikifua kwa sabuni mara tatu mpaka dawa yote ya kuua wadudu ikatoka, isije ikamdhuru.

Baada ya wiki kadhaa akaacha kula. Uso ukavimba. Nikimpakata nilisikia moyo wake ukienda mbio, ukisita, ukienda tena, na kila uliposita na mimi niliacha kupumua. Nikamwita daktari wa mifugo.

Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akalishika koti. "Mama, hii nguo umetoa wapi?"

Nikasema ukweli.

"Mbung'o inapenda hii rangi. Hiyo dawa ndiyo ilikuwa inaiua. Sasa wewe umetoa dawa, umeacha rangi." Akatikisa kichwa. "Hii naona ni malale, na imefika mpaka kwa moyo. Nitamdunga sindano, lakini sijui. Na wewe uende upimwe damu. Yenye ilimuuma huyu inaweza kukuuma hata wewe."

Siku tatu sikuwa na raha. Kichwa kikinigonga kidogo tu, nilijiona nimeshazikwa. Siku ya nne nikamwachia mama yangu tumbili, nikaenda Amagoro. Nilingoja hospitalini tangu asubuhi. Saa nane mchana nikaitwa: damu yangu ilikuwa safi.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale, watu wakageuka. Nikanunua mandazi, nikarudi nikiimba pambio. Mama alikuwa amekaa mlangoni, tumbili amemfunika kwa leso. Moyo ulisimama asubuhi, alisema, mara tu nilipoondoka.

Nilibaki nimesimama na mandazi mkononi. Njia nzima nilikuwa nimefurahi, na sikumkumbuka hata mara moja.